Kuku wa Ndegeni

Shemeji Fredrick alikuwa na safari moja tu ya ndege ya kusimulia, ya kwenda Dar es Salaam, lakini kwa jinsi alivyosimulia ungedhani ndiye aliyeirusha hiyo ndege. Alisimulia msibani, alisimulia kwenye kipaimara, alisimulia hata kwenye kikao cha mahari ambako watu walikuwa wamekuja kuzungumza habari za ng'ombe. Hadithi ilianzia kwenye mkanda wa kiti pale Dodoma, ikapita juu ya Manyoni, ambako aliona kwa macho yake mabati ya watu yaking'aa huko chini, kisha ikafika kwenye chakula. Na hapo kwenye chakula ndipo Lazaro alipokuwa akiumia.

"Wakaleta kuku," Fredrick angesema, huku akimtafuta Lazaro kwa macho. "Paja zima! Nikang'ata. Nikamwambia yule binti mhudumu, mwanangu, huyu kuku simwulizi kabila, huyu ni wa Singida. Akacheka, akasema, baba umejuaje?"

Watu wakicheka, naye anasubiri wamalize ndipo apige msumari wa mwisho.

"Sasa fikirieni, ndugu zangu. Kuku wa shemeji Lazaro anapanda ndege. Lazaro mwenyewe anapanda Fuso!"

Lazaro alicheka pamoja nao, maana mwanaume anayetaniwa na kaka wa mkewe hana kazi nyingine zaidi ya kucheka. Lakini roho ilimuuma. Alikuwa akinunua kuku wa kienyeji kwenye minada ya Ikungi na Ihanja tangu binti yake Pendo hajazaliwa. Aliwapanga kwenye matenga, akawapeleka Singida mjini kwa kirikuu, kigari chake kidogo cha mizigo, na huko wakapakiwa kwenye lori la Fuso la Dar es Salaam. Mara nyingi alipanda nao, akalala juu ya matenga, akashuka Dar na manyoya kichwani na harufu iliyowafanya hata wapiga debe wamwite kwa mbali. Na kumbe katika wale kuku kulikuwa na waliokuwa wakimkimbia njiani na kwenda kupaa. Usiku mwingine alijikuta akimwangalia jogoo mmoja bandani kwa kijicho kabisa.

Kwa hiyo siku yeye na mkewe Luciana walipoitwa benki Singida mjini, waelezwe habari za kadi ya mkopo ya wafanyabiashara, Lazaro alivaa koti la harusi. Luciana alimwuliza tangu lini koti likakopa.

Ofisa wa benki, binti aliyejitambulisha kwa jina la Magdalena, aliwaamkia, akawapa maji ya chupa, akaweka vipeperushi viwili mezani. Aliongea na Luciana zaidi kuliko na Lazaro, na alikuwa na sababu: leseni ya biashara ilikuwa na jina la Luciana. Mwaka walioikata, Lazaro alikuwa juu ya Fuso, akamwambia mkewe kwa simu aandike jina lolote.

"Mama, kadi ziko mbili. Hii ni ya mafuta. Ukijaza mafuta, sehemu ya hela yako inarudi kila mwezi. Hii nyingine ni ya safari. Kila ukilipia kitu unapata pointi, na pointi zikitimia unapata tiketi ya ndege."

"Ndege gani?" Lazaro aliuliza.

"Ya abiria, baba."

"Najua ya abiria. Inarukia wapi?"

"Dodoma, kwenda Dar es Salaam."

Lazaro alimgeukia mkewe. Luciana alikuwa ameshakivuta kipeperushi cha mafuta upande wake.

"Sisi mafuta ndiyo ugali wetu," alisema. "Kile kirikuu kinakunywa kama kimepokea mshahara. Ada ya mwaka ni shilingi ngapi?"

"Ya mafuta ni ndogo, mama. Ya safari ni mara mbili yake na kidogo."

"Na tarehe ikifika sijalipa?"

"Riba. Kila mwezi, mpaka deni liishe. Kwa kadi zote mbili."

"Na hizo pointi, zinakaa tu?"

"Zina muda wake, mama. Usipozitumia zinafutika."

"Umesikia, Baba Pendo? Zinaoza kama mayai."

Lazaro alikuwa ameshaegemea meza. "Mwanangu, hiyo tiketi ukipewa, unakaa dirishani?"

Magdalena alitabasamu kwa adabu. "Tiketi inatoka kwa jina la mwenye kadi kubwa, baba, yaani mama hapa. Wewe tutakupa kadi ndogo ya kutumia. Pointi zote zinaingia kwa mama."

Lazaro alilisikia hilo, lakini alilisikia kama mtu anavyosikia bei ya kitu alichokwisha kuamua kukinunua. Aliomba waongee kidogo na mkewe nje, wakasimama kibarazani karibu na mlinzi.

"Mama Pendo, katika ndoa hii nimekuomba nini mimi?"

"Nianzie mwaka gani?"

"Sitanii. Nataka kupanda ndege mara moja. Mara moja tu, ili na mimi nimwangalie kaka yako usoni."

Luciana alitaka kucheka, lakini aliuona uso wa mumewe na kicheko kikamwishia njiani. Lazaro wa porojo alikuwa amemzoea, na huyu hakuwa yeye. Alimhurumia kwa kweli, na huruma ya namna hiyo ndiyo iliyoingiza nyumba nyingi kwenye madeni.

"Haya, tuchukue ya safari," alisema. "Ila deni likija usinitafute jikoni."

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba kuku hawauzwi kwa kadi. Mnadani Ihanja, Bibi Martina, ambaye alimuuzia Lazaro mitetea miaka nenda rudi, aliipokea ile kadi, akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha.

"Ndiyo hela hii?"

"Ndiyo yenyewe, bibi. Ya kisasa."

"Nikienda nayo dukani kununua chumvi wananirudishia chenji?"

"Mpaka wawe na mashine, bibi."

"Basi na kuku wangu naye anangoja mashine. Lete noti, mjukuu wangu, jua linatuchoma."

Kwa kuwa kuku waligoma kuleta pointi, Lazaro alitafuta pengine pa kuchanjia kadi, yaani kuipitisha kwenye mashine ya malipo. Watu wa Ikungi walilipenda sana neno hilo, maana kwao mpaka hapo waliokuwa wakichanjwa ni kuku na watoto wachanga. Kituo kimoja cha mafuta Singida mjini kilikuwa na mashine, na Lazaro akahamia pale. Bodaboda akiingia, anamuwahi: "Jaza, mimi nachanja, wewe nipe taslimu." Jirani akitaka saruji, anafuatana naye mpaka duka la vifaa vya ujenzi, anachanja, anapokea noti. Alilipia rangi ya mtu, tairi la mtu, hata dirisha la aluminiamu la mtu ambaye hawakuwa wakisalimiana. Noti alizikusanya, tarehe ikifika akazipeleka benki. Hakupata hata senti kwa kazi hiyo, na hajawahi kuchapa kazi nyingine kwa bidii kama ile.

Meseji za benki ziliingia kwenye simu ya Luciana, kwa hiyo kila jioni Lazaro alikuwa na swali moja.

"Zimefikia wapi?"

"Umefika kwenye ngazi ya ndege," Luciana alijibu huku akipepeta mtama. "Bado hujakanyaga ya kwanza."

Upepo wa Singida hauna adabu, na mwezi wa nane ndio huwa umelewa kabisa. Jumamosi moja uling'oa paa la kanisa, ukalitupa kwenye shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa. Jumapili watu walisali jua likiwa utosini, na baada ya ibada Mzee Hosea, mzee wa kanisa, akaitisha harambee hapohapo.

Ahadi zilimiminika. Kwa watu wale ahadi ya kanisani ni kitu kizito na hakuna anayeikana, ila haina tarehe. Inalipwa mazao yakiuzika, mbuzi akizaa, mtoto aliyeko mjini akikumbuka nyumbani. Kila mtu anajua hivyo, na kanisa lenyewe lilijengwa hivyo tangu msingi.

Wa mwisho alisimama Fredrick. Alikuwa katibu wa ushirika wa wakulima wa alizeti, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Alikohoa, akangoja watu wanyamaze.

"Mimi na familia yangu, milioni moja na nusu."

Vigelegele! Mzee Hosea alimshika mkono akautikisa mpaka kalamu moja ikadondoka. Kisha mzee akavua kofia, akakuna kichwa.

"Tumebarikiwa, ndugu zangu. Ila mvua haingoji ahadi. Mabati tunayataka kabla ya masika, na mwenye duka anataka hela mkononi."

Hapo Lazaro akapiga hesabu yake. Mabati, mbao na misumari vilikuwa vinakwenda milioni nne. Milioni nne kwa mpigo mmoja! Pointi hizo hazikuwa za kusimama kwenye ngazi, zilikuwa za kukaa dirishani. Miguu ilisimama kabla mwenyewe hajaamua.

"Mzee, mimi nitachanja."

Kanisa zima likageuka.

"Nitachanja vyote kwa kadi yetu. Ninyi ahadi zenu mtaniletea mimi, nami nitawalipa benki."

Vigelegele alivyopata vilimfunika Fredrick mbali kabisa, na Lazaro alivipokea kwa raha isiyo na kifani. Upande wa akina mama, Luciana peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa amefumba macho, na hakuwa akisali.

Na ahadi zililetwa. Haki ya Mungu, watu wale walikuwa waaminifu. Lakini bei ya alizeti ilikuwa imeanguka mwaka huo, magunia yamefungiwa ndani yakingoja bei ipande, kwa hiyo kila mtu alileta alichokuwa nacho. Aliyeahidi elfu sabini alileta madebe ya mtama. Mwingine alileta mbuzi aliyekohoa. Wengi, kwa kuwa walijua Lazaro ni mtu wa kuku, walileta kuku.

"Mama, huyu jogoo ni wa elfu kumi na mbili," Lazaro alimwambia mama mmoja, akimpima jogoo mkononi kwa mazoea.

"Mimi niliahidi ishirini. Na huyu ndiye ishirini yangu."

"Mama, ana jicho moja."

"Baba Pendo," mama alisema kwa upole, "unampunja Mungu?"

Lazaro akampokea jogoo chongo kwa elfu ishirini. Ilikuwa hivyo asubuhi, ikawa hivyo jioni. Mtu aliyekuwa mkali kuliko wote mnadani, aliyeweza kujua uzito wa kuku kwa kumtazama tu akitembea, alinunua mifupa kwa bei ya nyama na akalazimika kusema amina.

Benki haikupokea jogoo. Tarehe ilipopita ikatuma meseji, na baada ya meseji ikatuma riba. Luciana hakusema "nilikwambia", ingawa maneno hayo yalimkaa mdomoni kama punje ya mahindi ya kukaanga. Aliwanenepesha kuku wa Mungu wiki kadhaa, akawapeleka Dar pamoja na kuku wao wenyewe. Mbuzi alimuuza kabla hajakohoa tena. Mtama wa kanisa uliishia kwa wapika pombe, jambo ambalo hawakumweleza Mzee Hosea. Deni likapungua, likapungua, mpaka likasimama mahali pamoja na kukataa kushuka. Kilichobaki kilikuwa milioni moja na nusu, ahadi ya Fredrick, pamoja na riba yake.

Lazaro akavaa tena lile koti, akaenda kwa shemeji yake.

"Nilikuwa napita tu," alisema, ingawa nyumba ya Fredrick ilikuwa mwisho wa njia na baada yake ni pori.

"Karibu, shemeji, karibu! Kabla hujakaa, njoo uone bafu. Nimebadilisha bomba." Akamwonyesha bafu lake la vigae vyeupe, la pekee mtaa mzima, kama alivyomwonyesha kila mgeni. Lazaro alilisifia. Walirudi sebuleni, wakaletewa chai.

"Shemeji," Lazaro alianza, akikizungusha kikombe, "ile habari ya mabati..."

"Mabati mazuri sana! Nimeyaona. Yanang'aa."

"Yanang'aa. Sasa benki, unajua, wao wana tarehe zao..."

Fredrick aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa neno la aibu mbele ya watoto. "Shemeji Lazaro. Unanidai ahadi ya Mungu?"

"Sikudai, shemeji. Ni benki."

"Benki haina roho, ndiyo maana ina haraka. Mungu anaujua moyo wangu. Posho zetu zikitoka, utaona." Halafu, ili kumtuliza mgeni, akamsimulia ndege. Mkanda, Manyoni, paja zima. Lazaro alicheka mahali pa kuchekea, akaaga.

Njiani alijiona mdogo kuliko siku zote. Fredrick angekuwa mdeni wa kuku, angemfokea mpaka majirani watoke. Lakini kaka wa mkeo humfokei. Siku ndoa ikiyumba ndiye utakayemkalia mbele ukieleza upande wako. Na ahadi ya kanisani ukiidai kwa nguvu, wewe ndiye unayeonekana mwizi.

Jumatatu Paulo, mnunuzi wa magari mabovu kutoka Singida mjini, alikuja kukizunguka kile kirikuu. Alipiga teke tairi moja, akapiga na la pili, akataja bei iliyomfanya Luciana aingie ndani asije akajibu.

"Mwisho wa mwezi," Luciana alimwambia mumewe baadaye. "Hela ya Fredrick isipokuja, kirikuu kinakwenda. Riba haitatuacha na biashara."

Lazaro aliitikia kwa kichwa. Alikumbuka alivyoanza kazi hii, kuku wakining'inia miguu juu kwenye usukani wa baiskeli, akisukuma mchanga kutoka Ihanja. Hakuwa tena na magoti ya kazi hiyo. Aliogopa, na hakuficha.

Katikati ya mashaka hayo simu ya Luciana ikalia. Alisoma, akasoma tena, akakaa kwenye kigoda.

"Pointi za mabati zimeingia, zimetimia," alisema. "Tiketi moja, Dodoma mpaka Dar. Kwenda tu. Kurudi ujitegemee."

Lazaro aliinuka kama amechomwa, kisha akakumbuka kitu alichokuwa amekisukuma nyuma ya kichwa tangu siku ile ya benki. "Kwa jina lako."

Luciana alimpigia Magdalena palepale, akaweka sauti ya wazi ili mumewe asikie mwenyewe. Magdalena alisikitika sana, kwa maneno matamu, lakini utaratibu ni utaratibu: jina la mwenye kadi kubwa, na si la mwingine.

Lazaro alitoka nje. Alisimama bandani kwa muda mrefu, kuku wakimzunguka wakidhani ameleta pumba. Aliporudi macho yalikuwa mekundu kidogo, na aliongea haraka kama mtu anayetua mzigo.

"Nenda wewe. Yule mnunuzi wetu wa Dar anatuzungusha na hela ya mzigo uliopita, kamkalie mlangoni. Tukiziacha pointi zioze itakuwa hasara juu ya hasara."

"Na wewe, Baba Pendo?"

"Nitakusindikiza."

Alimsindikiza mpaka Dodoma, akambebea begi mpaka mlangoni ambapo askari alimwambia wasindikizaji mwisho hapo. "Wakileta kuku," alimwambia mkewe, "uliza kama ni wa kwetu." Kisha akaenda kusimama kwenye uzio. Aliiona ndege ikikimbia, ikainua pua, ikawa ndogo. Alikuwa na wivu, na alikuwa na fahari. Akamwambia muuza maji aliyekuwa karibu, asiyemuuliza kitu, kwamba mle ndani yumo mke wake.

Jumapili ya kushukuru kwa ajili ya paa jipya, ibada ilikwisha na watu wakakaa nje kwenye maturubai kula. Luciana alikuwa njiani na basi la usiku. Mnunuzi wa Dar alikuwa ametoa hela ya kulipa riba tu. Paulo alikuwa amemwambia Lazaro kwamba Jumanne anakuja na fedha na dereva.

Kwenye meza ya wazee Fredrick alikuwa ameshika paja la kuku na hadithi ilikuwa imeshavuka Manyoni.

"...nikang'ata. Nikamwambia yule binti..."

Basi likasimama barabarani, akashuka Luciana, vumbi mpaka kwenye kope, begi begani. Akina mama walimwona kwanza.

"Mama Pendo huyo! Rubani ametua!"

Walimpokea begi, wakampa kiti, wakamzingira. Kila mtu Ikungi alijua amepanda ndege, Lazaro alihakikisha. Mzee Hosea akanyanyua mkono watu watulie.

"Binti yangu, umekuja wakati mzuri. Kaka yako alikuwa anatusimulia ile ya kuku. Sasa tumepata shahidi wa pili. Ni kweli wanagawa kuku kule juu?"

Lazaro alimtazama shemeji yake, kama kawaida, akingoja yale macho yamtafute. Hayakumtafuta. Fredrick alikuwa akimtazama dada yake, na paja lilikuwa limesimama katikati ya sahani na mdomo.

Luciana hakuwa na haraka. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja. Alinawa mikono. Alikunywa maji.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Fredrick alisema kwa sauti ya mtu mwenye homa.

"Kaka, kabla sijasimulia. Ile ahadi yako ya mabati unaileta lini?"

Akina mama waliguna. Mzee Hosea akavaa miwani.

"Hilo... hilo si tuliongea na shemeji? Posho zikitoka..."

"Lini, kaka?" Luciana alikuwa ameingiza mkono kwenye mkoba wake mdogo, kama anayetafuta kitu cha kuwaonyesha watu. "Watu hawa wananingoja. Na mimi nikiwa na deni kichwani huwa nasimulia kila kitu, sibakizi. Moyo ukitulia ndiyo nasahau sahau."

Fredrick aliutazama ule mkono mkobani. "Kesho."

"Kesho saa ngapi?"

"Asubuhi. Asubuhi na mapema. Taslimu."

"Mzee Hosea, umesikia?"

"Nimesikia. Kanisa limesikia."

Mkono wa Luciana ukatoka mkobani ukiwa mtupu. Akawageukia watu, akatabasamu.

"Kuku ni kweli," alisema. "Paja zima."

"Wa Singida?" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Kwani angetoka wapi tena?"

Watu walipiga makofi, maturubai yakatikisika. Fredrick aliweka paja lake kwenye sahani, akaomba maji.

Walirudi nyumbani kwa kirikuu. Lazaro aliendesha polepole, akingoja mkewe aanze, na alipoona haanzi akashindwa kuvumilia.

"Paja lilikuwa kubwa?"

Luciana akafungua mkoba, akamwekea mapajani kipakiti cha karanga, kidogo kama vile vinavyoning'inizwa dukani kwa ajili ya watoto.

"Nini hiki?"

"Ndiyo kuku wenyewe. Na kikombe cha maji. Nilimwuliza mhudumu kuku wanakuja saa ngapi, alicheka mpaka akashika kiti. Ana miaka kwenye safari hiyo, hajawahi kugawa kuku. Tena nimekutunzia."

"Na Manyoni? Uliiona Manyoni?"

"Baba Pendo. Manyoni iko upande gani wa Dodoma?"

Lazaro akapunguza mwendo. Aliipita Manyoni kila mara alipopanda Fuso, kabla hajafika Dodoma, na huko ndiko ilikobaki, nyuma; ndege ya kutoka Dodoma kwenda Dar haikuwa na sababu ya kuipita. Alisimamisha gari pembeni ya barabara.

"Kwa hiyo shemeji..."

"Ushirika ulimpa nauli ya ndege, akapanda basi, iliyobaki akaitia mfukoni. Mwaka ule ndio aliojenga lile bafu la vigae."

Lazaro alikigeuzageuza kipakiti chake mkononi. Luciana alidhani amekasirika, akaanza kumwambia kwamba kaka ni kaka, kwamba hakutaka kumvunjia heshima mbele ya watu. Lakini Lazaro hakuwa na hasira. Kuna kitu kilikuwa kimemkaa kifuani miaka yote ile, na sasa alikisikia kikishuka.

"Kumbe hakuna," alisema. "Hakuna kuku wangu hata mmoja aliyewahi kupanda ndege."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea usukani, honi ikalia, ng'ombe waliokuwa wakivuka barabara wakageuka kumtazama. Kisha akafungua karanga, akampa mkewe nusu, wakala wakiwa wamesimama hapohapo.

Fredrick alikuja asubuhi na mapema, kama alivyosema, noti zikiwa kwenye bahasha ya ushirika, na hakutaka chai. Jumanne Paulo alifika na dereva, akaambiwa kirikuu hakiuzwi, akapiga teke tairi moja kwa hasira akaondoka. Kadi ya safari Luciana aliirudisha kwa Magdalena, akachukua ya mafuta.

Lazaro hajapanda ndege mpaka leo. Anapanda Fuso, juu ya matenga, na anasema safari imekuwa nyepesi tangu alipojua kwamba kuku wote wanashuka pale anaposhuka yeye.